Kutafuta Babu Aliyepotea: Jina na Tahajia katika Kumbukumbu za Utumishi na Malipo ya Askari wa Kikoloni

1.0 Utangulizi

Katika koo nyingi za Afrika Mashariki lipo jina moja ambalo mlolongo wa nasaba hukatikia hapo. Mwenye jina hilo alikuwa askari wa Mjerumani, au aliandikwa Keya, au alichukuliwa upagazi. Akaondoka, na aghalabu hakurudi. Wajukuu wanalikumbuka jina lake la kwanza, pengine na cheo chake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wanapotaka kujua zaidi huelekezwa kwenye hifadhi ya nyaraka, na huko, baada ya kupekua orodha kwa siku kadhaa, hurudi na jibu kwamba mtu huyo hayumo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jibu hilo mara nyingi si la kweli. Yanashikilia hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mtafiti huanza na kumbukumbu za utumishi, ilhali zile za malipo, yaani pensheni, kiinua mgongo na madai ya malimbikizo ya mishahara, ndizo zenye habari za ukoo. Hoja ya pili ni ya kiisimu. Jina la askari lilipita katika sikio la karani wa lugha moja na kuandikwa kwa othografia ya lugha nyingine, kwa hiyo asiyejua kanuni za othografia hiyo anaweza kulipita jina analolitafuta bila kulitambua.

Jambo hili si udadisi wa wapenda historia tu. Kwa Wanubi wa Kenya, ambao wengi wao ni wazao wa askari wa Kisudani, kuthibitisha kwamba babu alikuwa mtumishi wa jeshi kumehusiana moja kwa moja na haki ya ardhi na ya uraia. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Nyuma ya shauri kama hilo daima kuna swali la nasaba.

2.0 Utumishi na malipo

Kumbukumbu ya utumishi ilitungwa na jeshi kwa mahitaji ya jeshi. Inaeleza namba ya askari, jina, kabila, mahali alipoandikwa, tarehe ya kuingia na ya kutoka, cheo, adhabu na nishani. Haina haja ya kujua mama yake ni nani wala ameacha watoto wangapi. Kumbukumbu ya malipo, kwa upande wake, ilizaliwa pale mtu alipodai. Mdai alilazimika kuthibitisha kwamba yeye ndiye yule, au kwamba ni mjane au mtoto wa yule, na serikali ilipomtilia shaka ilimtaka alete mashahidi. Kadiri shaka ilivyozidi ndivyo jalada lilivyonenepa. Ndiyo maana dai lililokataliwa aghalabu huacha karatasi nyingi kuliko lililokubaliwa.

Mfano ulio wazi kabisa unatoka Marekani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, watu weusi wapatao 179,000 walitumikia katika jeshi la Muungano, na wengi wao walikuwa wametoka utumwani. Wapo waliotumikia kwa jina la bwana aliyewamiliki kisha wakalitupa baada ya vita. Harriet Tubman, mwanamke mashuhuri aliyewatorosha watumwa, aliolewa mwaka 1869 na askari wa zamani aliyeitwa Nelson Davis. Mume huyo alifariki mwaka 1888. Baada ya sheria ya mwaka 1890 kupanua haki ya pensheni kwa wajane, Tubman alidai, lakini orodha za kikosi cha 8 cha askari weusi hazikuwa na Nelson Davis; zilikuwa na Nelson Charles. Ilimpasa aeleze kwa kiapo kwamba Charles lilikuwa jina la bwana wa mumewe na Davis ni jina lililotoka kwa baba. Mwaka 1895 alianza kulipwa dola 8 kwa mwezi, na mwaka 1899 Bunge likaongeza malipo hayo hadi dola 20. Kwa mtafiti wa nasaba, dola hizo si kitu kikubwa. Kikubwa ni kile kiapo, kwa sababu kinafunga pamoja majina mawili ya mtu mmoja na kutaja baba na bwana wake kwa wakati mmoja. Orodha ya kikosi isingeweza kamwe kusema hayo.

3.0 Yaliyobaki na yaliyoteketea

Jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipokusanya Wasudani kutoka Misri na watu kutoka Msumbiji ili kupambana na upinzani wa Abushiri, na mwaka 1891 likafanywa jeshi rasmi la koloni. Lilipoanza vita mwaka 1914 lilikuwa na askari wapatao 2,500, idadi iliyoongezeka mara kadhaa kabla ya kusalimu amri mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Upande wa Waingereza, vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wenyeji waliviita Keya, viliunganishwa mwaka 1902. Kwa mtafiti, tukio muhimu zaidi ni la mwaka 1917, kikosi cha 6 cha Keya kilipoundwa upya kwa kuwatumia askari waliokuwa wa Mjerumani. Maana yake ni kwamba mtu yule yule anaweza kuwamo katika nyaraka za majeshi mawili yaliyopigana, kwa tahajia mbili zisizofanana.

Mengi yamepotea. Mabomu yaliyoangushwa Potsdam mwezi Aprili 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia. Yaliyosalia ya Wizara ya Makoloni yamo katika Hifadhi ya Shirikisho mjini Berlin, fungu R 1001, na majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki nchini yamo katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam. Kuhusu Waingereza, lipo kosa linalorudiwa mara kwa mara. Husemwa kwamba majina ya Keya yaliungua London katika moto wa Septemba 1940. Moto huo uliteketeza zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa Uingereza wa vita vya kwanza. Majalada ya askari wa Kiafrika yalitunzwa na vikosi vyao huku makoloni, hivyo hayakuwemo. Yaliyoko Kew, kama vile barua za Keya katika fungu CO 534 na shajara za vita katika WO 95, husaidia kujua kikosi kilikuwa wapi na lini, ila humtaja Mwafrika kwa jina kwa nadra.

4.0 Jina na kalamu ya karani

Hapa ndipo utafiti mwingi hukwama. Karani wa Kijerumani aliandika Kiswahili kwa thamani za sauti za Kijerumani. Katika othografia hiyo herufi j ni sauti ya y. Hivyo Wanyamwezi wakawa Wanjamwesi, Manyema ikawa Manjema, na Yusufu akawa Jussuf. Sauti ya j ilihitaji herufi kadhaa, dj au dsch, kama ilivyoonekana katika Udjidji. Sauti ya sh iliandikwa sch na ya ch ikaandikwa tsch. Herufi ch peke yake iliwakilisha kh, kwa hiyo anayesoma Chamis kwa macho ya Kiswahili atadhani ni jina asilolijua, kumbe ni Khamisi.

Tatizo kubwa zaidi ni la s na z. Katika Kijerumani, s inayotangulia irabu mwanzoni mwa neno ni ghuna, yaani hutamkwa kama z ya Kiswahili, na herufi z hutamkwa ts. Ndiyo sababu Mwanza ikaandikwa Muansa na Zanzibar ikawa Sansibar. Makarani waangalifu waliandika ss kwa ajili ya s isiyo ghuna, kama katika Ssongea, lakini si wote waliokuwa waangalifu, wala mmoja hakuwa mwangalifu kila siku. Matokeo yake ni kwamba Saidi wa orodha ya Kijerumani anaweza kuwa Saidi au Zaidi. Hakuna kanuni ya tahajia itakayoamua; ni lazima mtafiti atafute ushahidi mwingine, kama vile namba, mahali au jina la baba.

Tuchukue jina la kubuni, Shaabani bin Yusufu. Katika orodha ya Kijerumani atatafutwa chini ya Schabani, Schaban au Schaabani, na jina la baba litaanza na J. Iwapo baadaye aliingia Keya, karani wa Kiingereza huenda alimwandika Shaban Yusuf, bila bin. Na ikiwa aliyelitaja jina hilo mbele ya karani alikuwa mwenye lugha isiyo na sh, kama Kijaluo, linaweza kuwa Sabani. Vivyo hivyo, Kiyao hakina r katika maneno yake ya asili, na Gikuyu haina tofauti ya l na r. Ramadhani anaweza kusimama chini ya L, na Ali akaandikwa Ari. Inafaa basi mtafiti aandike tahajia zote zinazowezekana kabla hajaomba jalada la kwanza. Kazi hiyo huchukua jioni moja, nayo huokoa safari ya pili.

Othografia si mtego pekee. Neno bin halikuwa na maana moja. Mara nyingi linaonyesha baba mzazi, lakini kwa waliotoka utumwani, au waliokuwa wana wa waliotoka utumwani, huweza kumtaja bwana wa zamani au mlezi. Majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi na Farjallah yanadokeza historia hiyo bila kuithibitisha, na mwenye ukoo anayepewa habari hizo apewe kwa staha. Majina ya siku, kama Juma, Hamisi na Jumanne, yalikuwa mengi kiasi kwamba kikosi kimoja kingeweza kuwa na Juma kumi. Hapo namba ndiyo jina la kweli. Namba haibadiliki tahajia. Ikiwa ukoo umehifadhi nishani ya vita vya kwanza, ukingo wake na uchunguzwe, kwani nishani za Waingereza za wakati huo zilichorwa namba na jina. Nishani za vita vya 1939 hadi 1945 zilitolewa bila jina, na si kosa la mwenye nazo.

Halafu kuna vyeo. Jeshi la Kijerumani lilichukua vyeo vya Kituruki kupitia Misri: ombasha, shaushi, betshaushi, sol, efendi. Ukoo unaokumbuka babu aliyeitwa Shaushi au Efendi huenda haukumbuki jina hata kidogo. Unakumbuka cheo kilichogeuka jina. Hasara hiyo ina faida yake, kwa kuwa efendi walikuwa wachache sana, na orodha ya wachache hupekuliwa upesi.

Safu ya kabila ndiyo ya kuaminiwa kwa kiasi kidogo zaidi. Maofisa wa Keya walikuwa na makabila waliyoyaita ya kivita, na vijana walijua. Kijana aliyetaka kuandikwa angeweza kujitaja kwa kabila lililopendwa. “Msudani” katika nyaraka za Kijerumani lilikuwa jina la fungu la jeshi kama lilivyokuwa jina la asili ya mtu.

5.0 Dai la Mahjub bin Adam Mohamed

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi nguvu ya jalada la dai ni cha mtu aliyewahi kufundisha Kiswahili Berlin. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani aliyefikia cheo cha efendi. Vita vilipoanza mwaka 1914, mtoto huyo wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake, akajeruhiwa Mahiwa mwezi Oktoba 1917, kisha akawa mateka wa Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Huko alidai Wizara ya Mambo ya Nje imlipe mishahara iliyobaki, yake na ya baba yake. Jibu lilikuwa kwamba muda wa kudai umekwisha.

Alibaki Ujerumani, akafanya kazi ya uhudumu hotelini, akaigiza katika filamu, na akawa msaidizi wa somo la Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Katika miaka ya 1930 aliomba pia nishani ya heshima iliyotolewa kwa waliopigana mstari wa mbele; ombi hilo nalo likakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa shutuma ya kuhusiana na mwanamke wa Kijerumani, kinyume cha itikadi ya Wanazi, na alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Maisha yake yameelezwa na Marianne Bechhaus-Gerst katika kitabu cha mwaka 2007.

Katika nyaraka za Berlin mtu huyu ni Bayume Mohamed Husen. Yatazamwe majina hayo mawili kwa jicho la mtafiti wa nasaba. Mahjub limetoweka na Adam limetoweka; limebaki Mohamed tu, jina ambalo maelfu wanalo. Anayetafuta wazao wa efendi Adam Mohamed kwa kufuata orodha hatafika Berlin kamwe, na anayetafuta wazazi wa Husen hatafika Dar es Salaam. Kinachounganisha ncha hizi mbili ni dai, kwa sababu mwana alipodai mshahara wa baba yake ilimlazimu kusema kwamba yule ni baba yake. Serikali haikulipa hata senti, lakini ilihifadhi karatasi.

6.0 Ardhi badala ya pensheni

Si kila malipo yalikuwa ya fedha. Wasudani wa Keya waliostaafu hawakuwa na kijiji cha kurudi, na jeshi liliwaruhusu kukaa Kibra, karibu na Nairobi, katika eneo lililotangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918. Ruhusa hiyo iliandikwa katika hati aliyopewa askari aliyetimiza miaka 12 ya utumishi, na hadi mwaka 1928 eneo lilikuwa chini ya Keya wenyewe. Timothy Parsons ameonyesha jinsi wakazi walivyoiona ardhi hiyo kuwa ni pensheni yao, wakati utawala uliwaona kama wapangaji wa hisani. Tofauti hii ya tafsiri ndiyo iliyoleta ugomvi wa muda mrefu, hadi mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288.

Kwa mtafiti, hati ya shamba ya Kibra ni jalada la pensheni kwa jina lingine. Pia orodha za nyumba na za waliorithi vibanda zinataja wake na watoto, ambao orodha ya kikosi haiwajui. Inafaa kukumbuka kwamba majina hapa yalipita katika Kinubi, yaani Kiarabu kilichogeuka krioli, kabla ya kufika kwa karani, kwa hiyo tahajia za Kibra zina kanuni zake.

7.0 Wasio na hati

Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974, anasimulia kwamba mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari waliokuwa hai, wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na hati za mwaka 1918. Waliobaki, kwa mujibu wa simulizi hiyo, kila mmoja alipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, na hakuna aliyeshindwa. Simulizi hii ni laini mno kiasi cha kutia shaka, hasa pale isemapo kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea. Hata hivyo, fikra iliyomo ndani yake ni sahihi kiisimu. Amri ya jeshi hufundishwa mwilini kwa kurudiwa, na hukaa hata lugha yenyewe isipojulikana. Mtafiti anayehoji wazee na awaulize amri na nyimbo za kambini ambazo babu zao walizirudia nyumbani, kwani neno moja la Kijerumani, la Kinyanja au la Kinubi laweza kuonyesha kikosi kuliko tarehe inayokisiwa.

Kwa wapagazi hali ni ngumu zaidi. Wao ndio waliokufa kwa wingi, kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatokana na kikosi chao. Mishahara ya wengi waliokufa haikudaiwa na mtu, kwa sababu warithi hawakujulikana au hawakujua. Baada ya vita palikuwa na mabishano marefu kati ya serikali za makoloni na London juu ya fedha hizo. Pasipo dai, hapana jalada la dai. Orodha ya mishahara isiyochukuliwa, inapopatikana, ndiyo kumbukumbu pekee ya mtu huyo.

Sanamu za askari za Nairobi na Dar es Salaam, zilizosimamishwa katika miaka ya 1920, zina maandishi yanayowaahidi waliokufa kwamba majina yao yatakumbukwa na wana wao. Hazina jina hata moja. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mjini Cape Town, mwezi Januari 2025, ulizinduliwa mnara wenye majina ya watumishi weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini.

Kazi ya namna hiyo inapofanyika huku, swali la tahajia litarudi kwa wanaisimu. Karani aliandika Schabani. Ukoo unasema Shaabani. Jiwe lina nafasi ya umbo moja tu. Umbo la ukoo ndilo linalostahili jiwe, na umbo la karani libaki katika faharasa pamoja na namba, ili atakayetoka kwenye jiwe kwenda kwenye jalada asipotee njia.